Nyasi Zisizobembelezwa

Jumatatu, 4 Novemba

Siku ya kutisha! Hata mwandiko huu unafanana na wa daktari.

Shangazi alikuja kula mchana. Kabla hata hajafuta mikono akatangaza kwamba nimeshamaliza shule, kukaa nyumbani kunatosha, na amenipatia kazi saluni kwake. Mapokezi! Kila mteja akiingia nisimame, nitabasamu, niseme karibu mrembo. Simu ikilia niipokee mimi. Mimi! Mimi ambaye msoma mita akibisha hodi najibanza nyuma ya friji mpaka aondoke!

Mama akasema itanichangamsha. Shangazi akasema haswa, huyu kobe akitolewa gambani atakuwa mtu wa watu. (Ndivyo anavyoniita. Kobe.) Baba akaendelea kutafuna. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kumzimia, akauliza kama sasa kitanda changu ni chake.

Mara nikasikia sauti ikisema samahani, mimi siwezi, nina kazi tayari. Nikageuka kuona ni nani. Ilikuwa sauti yangu!

Wote wakanitazama. Kazi gani? Macho yakakimbilia dirishani, yakaangukia uwanja wetu wa mbele, pale lilipokaa pikapu bovu la mjomba miaka yote hii mpaka wiki iliyopita lilipokokotwa. Pamebaki udongo mtupu na doa la oili. Nikasema: kupanda nyasi.

Baba akaacha kutafuna. Jirani yetu ana uwanja wa kijani kama zulia, na Baba huutazama kila asubuhi kwa jicho la mtu aliyenyimwa. Akasema haya, vizuri. Kama Jumamosi ya mwisho wa mwezi kutakuwa na nyasi za kukalia pale, mtu akae na ainuke bila vumbi nguoni, basi sitakwenda saluni. Atanipeleka kwa Mama Miche mwenye kitalu nikajifunze kazi ya bustani. Kama hakuna nyasi, Jumatatu inayofuata niko mapokezi.

Kitalu! Mahali ambapo wengi wa waliopo ni mimea, na mimea haisalimii! Sikujua kama Baba anajua ninachokipenda. Nilitaka kulia.

Shangazi akacheka mpaka wigi likahama. Akasema atakuja kukaa yeye mwenyewe. Atavaa gauni jeupe.

Jumanne, 5 Novemba

Kitaluni. Nilipita mbele ya lango mara kadhaa nikijifanya naelekea kwingine. Mwishowe Mama Miche mwenyewe akaniita, akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema nyasi.

Akaanza kunihoji. Uwanja unapata jua au una kivuli? Ndiyo. Udongo ni wa mfinyanzi au kichanga? Ndiyo. Maji yanatuama? Ndiyo. Watu watapitapita juu yake? Ndiyo, shikamoo.

Akaweka chini kopo la maji. Akasema binti, haiwezekani kila kitu kiwe ndiyo. Kisha akanieleza pole pole, kama anayemweleza mgonjwa dozi. Kuna ukoka. Majani membamba, unatambaa na kujisuka wenyewe kama mkeka, lakini unataka jua. Ukiuweka kivulini unanuna. Kuna nyasi za majani mapana zinazovumilia kivuli cha ukuta, ila hazina haraka. Nyasi haichaguliwi kwa uzuri, alisema, inachaguliwa kwa mahali. Nirudi nyumbani nikauangalie uwanja kutwa nzima, nione kivuli kinalala wapi, halafu nije tena. Na kuna kitu kimoja, akainua kidole, kitu kimoja ambacho nikikiona uwanjani lazima kabla ya yote...

Hapo akaingia mteja mwenye sauti kubwa, akanisalimia. Mimi! Bila onyo! Nikakimbia.

Sikujua hicho kitu kimoja ni nini. Nadhani ni konokono.

Nyumbani nikakaa barazani kuangalia kivuli, kama nilivyoagizwa. Kabla hata hakijasogea nikaona jambo la kushangaza. Pembeni ya bomba la nje kuna kichaka cha nyasi. Kijani kibichi, zinang'aa, zimesimama wima. Hakuna aliyezipanda! Hakuna anayezimwagilia! Mama huzimwagia maji ya sabuni, na bado zinastawi.

Nikashikwa na butwaa la mtu aliyevumbua kitu. Watu wote wanahangaika na nyasi za kubembelezwa, jua hivi, kivuli vile. Kumbe dawa ni kuchagua nyasi isiyotaka kubembelezwa! Kama inakua hivi bila msaada, je, ikisaidiwa?

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mgongo umekufa. Nimelima uwanja wote, hata doa la oili, ambalo linanuka kama mjomba.

Kisha nikang'oa nyasi zangu za bombani ili nizihamishe, na hapo nikapata mshtuko mzuri kuliko yote ya mwaka huu. Chini ardhini kila shina lina vijikokwa vyeusi, vidogo kama shanga, vimeungana kwa nyuzi, kimoja baada ya kingine, vinazama chini hata sikuuona mwisho wake. Mmea uliojiwekea akiba ya chakula! Katika shule nzima sikuwahi kukutana na mmea wenye bidii kiasi hiki. Nikazikata nyuzi zote kwa kisu ili kila kijikokwa kijitegemee. Mche mmoja ukawa ukoo mzima.

Nikapanda kwa mistari, nusu ya uwanja kwanza. Niliazima uzi na chaki ya Mama. Mama ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, na hapendi vitu vyake viazimwe, kwa hiyo niliviazima alipokuwa anaoga.

Jirani akatokea kwenye seng'enge. Tunamwita Kanali ingawa hajawahi kuwa mwanajeshi, alikuwa bwana posta, lakini nyasi zake huzipanga kama gwaride. Kingo anakata kwa mkasi, amepiga magoti. Akauliza hiki ni kikosi gani ninachokipanga. Nikacheka kidogo, kwa adabu. Akavaa miwani. Akavua miwani. Akauliza mjukuu wangu, hiyo miche umeitoa wapi? Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

Wivu! Sikuamini. Mtu mzima vile!

Nikasema ni siri ya familia, shikamoo, nikaingia ndani. Nilimsikia akiita subiri, subiri kwanza. Sikusubiri.

Jumapili, 10 Novemba

Pigo. Baba amerudi na gunia zima la ukoka kutoka kwa Mama Miche. Alikwenda kumwomba anipokee nikifaulu, na Mama Miche akasema atakuja mwenyewe siku hiyo ya mwisho aone kazi ya mikono yangu. Kisha akampa gunia kwa bei ya ujirani.

Baba alilibeba begani kutoka huko mpaka nyumbani, na shati lake la Jumapili limechafuka. Aliliweka chini taratibu kama mtu aliyebeba mtoto. Nitamwambiaje kwamba hatuhitaji?

Nikaupanda nusu ya uwanja, upande wa jua. Mashina yenyewe yamelegea, ya kahawia, yanalala chini kama wagonjwa. Nikayaonea huruma. Kwenye nusu nyingine zangu zimeshachungulia! Ncha kali za kijani, kila moja imesimama kwa miguu yake.

Redio anatangaza mtaani kwamba dada yake na baba yake wanashindana.

Ijumaa, 15 Novemba

Zangu zimefika kwenye kifundo cha mguu! Ukoka wa Baba bado uko kitandani.

Nikaamua kuusaidia, maana moyo wangu si wa chuma. Jirani wa nyuma anafuga kuku, akanipa mbolea ya bure, mbichi, ya moto kabisa. Nikamwaga toroli baada ya toroli. Nikaamini kwamba mbolea nyingi ni upendo mwingi.

Ukoka umeungua! Majani yamegeuka ya njano, ncha zimekauka kana kwamba mtu amepitisha pasi. Zangu kwenye nusu ya pili zilikunywa mbolea ileile zikaongeza unene. Haya, mnyonge ni nani hapo?

Harufu, lakini. Loo! Mama alikuwa anampima mteja gauni, wakafungua dirisha wapate hewa. Hewa ikaingia. Mteja akaruka, akatoka mbio na gauni lililoshikizwa pini, akipiga kelele kila pini ilipomchoma. Mama ameniuliza, kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya, kama nia yangu ni kupanda nyasi au kuihamisha familia.

Nikasema ndiyo.

Jumanne, 19 Novemba

Aibu ya Baba, na sababu ni mimi.

Baba ni karani kwenye ofisi ya maji. Wiki hii ofisi yake inabandika matangazo mitaani: tusipoteze maji, kila tone ni mali. Baba ndiye aliyeyaandika maneno hayo. Leo nilifungulia mpira ili nyasi zipoe kutokana na ile mbolea, nikaingia ndani kunywa maji, msoma mita akabisha hodi, nikaenda nyuma ya friji. Akabisha tena. Nikabaki hukohuko. Alikuwa mvumilivu ajabu. Kumbe alikuwa anataka kusema kwamba uwanja umekuwa shamba la mpunga na maji yanavuka barabara!

Aliposhindwa kupata mtu akampigia Baba. Baba akaja na gari la ofisi, na wenzake wanne, na ndoo ya gundi ya kubandikia matangazo. Wakasimama barabarani wakitazama. Mmoja akauliza kama tone hili nalo ni mali au hili ni la mwenye nyumba.

Baba hakunigombeza. Alifunga bomba, akakunja suruali, akachimba mfereji kutoa maji, na viatu vya ofisini akavishika mkononi. Akasema tu kwamba anatumaini nyasi zitaota, maana ameshaiambia ofisi nzima.

Ofisi nzima!

Sasa lazima ziote. Si kwa ajili yangu peke yangu.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimegundua hujuma.

Ukoka haukufa! Maji yaliosha mbolea, na sasa mashina yale yaliyojifanya wagonjwa yametoa nyuzi. Nyuzi zinatambaa. Usiku zinalala huku, asubuhi zimefika kule. Zinaelekea upande wa nyasi zangu! Uzi mmoja ulikuwa umeshapitisha mkono katikati ya mstari wangu wa kwanza na kuweka mizizi, kimyakimya, kama mpangaji anayeingiza vyombo kidogo kidogo.

Nikakumbuka somo la kilimo: gugu ni mmea wowote ulioota mahali usipotakiwa. Mwalimu wetu alitukaririsha. Sasa zangu zimesimama mahali pao, hazitambai, hazimsumbui mtu. Na huu ukoka unavamia. Gugu ni lipi? Jibu liko wazi.

Nimeung'oa wote. Kutwa nzima. Kucha zimeisha. Nimeuanika juu ya ukuta, na jua limeumaliza. Nafasi yake nimejaza vijikokwa vya kutosha.

Kanali alitokea kwenye seng'enge nikiwa navuta shina la mwisho. Aliweka mkono kifuani. Akanyoosha kidole kwenye ukoka, kisha kwenye nyasi zangu, kisha kwenye ukoka tena, na maneno hayakutoka. Nikamwonea huruma, umri ule. Nikaingia ndani nisimchoshe.

Baba alipouliza nikasema ukoka umeondoka.

Jumatatu, 25 Novemba

Uwanja wote ni kijani! Wote! Hata kwenye doa la oili! Watu wanapita wanasimama. Mama mmoja alisema mashallah, mwingine akauliza ni nyasi gani hizi zinazoota juu ya oili. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikavimba kwa fahari.

Tatizo ni kimo. Zimekuwa ndefu na zinachoma kidogo, hazifanani na zulia. Hatuna mashine ya kukatia. Nikaona nifanye kama Kanali, kwa mkasi. Mkasi uliokuwa karibu ni ule mkubwa wa Mama.

Kwa asiyejua: mkasi wa fundi haukati karatasi. Haukati kucha. Haukati kitu chochote duniani isipokuwa kitambaa. Redio aliwahi kukata nao kadi, na akakaa bila kuongea siku nzima, jambo ambalo halijatokea tena.

Mama alinikuta nimepiga magoti katikati ya uwanja. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye ngazi, taratibu, kama mtu aliyepokea habari za msiba. Akauomba mkasi wake. Akaujaribu kwenye pindo la kanga yake. Ukatafuna. Akasema mwanangu, mimi nilikuzaa wewe kwa uchungu, na huu mkasi niliununua kwa uchungu, na leo sijui nilie uchungu upi.

Nimelia mimi.

Jioni nikatoka kuziangalia nyasi, na nilipozikata asubuhi zilikuwa zimeshachomoza tena! Siku moja! Hizi si nyasi, ni muujiza.

Jumatano, 27 Novemba

Kanali amesafiri kwa binti yake mpaka Jumamosi. Na uwanja wake una upara! Nimeuona kupitia seng'enge, kama ukubwa wa meza, pale alipokata chini mno. Majani yametoweka, udongo unaonekana. Kanali mwenyewe! Nilishtuka kama niliyemwona mwalimu mkuu amevaa nguo za kulalia.

Mpango ukanijia wenyewe. Jumamosi Kanali atarudi. Atashika tama mbele ya upara wake. Halafu ataona mtu amemzibia. Ataguswa. Atakuja kwetu mbele ya Shangazi na Mama Miche kuuliza ni mkono gani uliofanya wema huu, na mimi nitainamisha macho tu.

Nikapita chini ya seng'enge na ndoo. Nimempandia miche yangu bora, yenye vijikokwa vinono. Pembeni pembeni nimeongeza mingine michache kwenye nyasi zake za kawaida, zipate mfano wa kuiga.

Mtenda mema hajitangazi. Redio aliniona lakini nimempa pipi.

Jumamosi, 30 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu, ingawa kichwa bado kinavuma.

Baba alitoa viti vyote nje. Alivaa shati lake zuri. Mama alinisuka mwenyewe, bila kutaja mkasi. Mama Miche aliahidi kuja akishafunga kitalu. Redio alikuwa ameshatangaza, kwa hiyo langoni palikuwa na watu wasiotuhusu.

Shangazi akashuka kwenye teksi. Gauni jeupe! Jeupe kabisa, lenye marinda. Akauona uwanja na mdomo ukabaki wazi. Akasema kobe, hizi umezipanda wewe? Nikasema ndiyo, na safari hii ilikuwa kweli. Akazunguka akitafuta mahali penye udongo. Hakupata. Akakunja uso, akashika marinda, akakaa. Katikati. Akajisugua kushoto na kulia kwa makusudi. Kisha akanyoosha mkono, Baba akamwinua.

Vumbi halikuwepo! Hata punje!

Ila nyuma yote ya gauni ilikuwa kijani. Nilikuwa nimezikata asubuhi hiyo ziwe laini, kwa kisu cha jikoni, na utomvu ulikuwa haujakauka. Shangazi alipojitazama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima. Akasema haihesabiki, haihesabiki, gauni limekufa! Baba, ambaye ni karani hadi kwenye mifupa, akasema kwa upole kwamba sharti lilikuwa vumbi. Rangi haikutajwa. Kwa hiyo binti yake amefaulu.

Binti yake! Mbele ya watu! Watu wa langoni wakapiga makofi. Kwa muda mfupi sana nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani, na sikuona haya hata kidogo.

Ndipo Kanali akaingia. Bila hodi. Ameshika mche mmoja kwa ncha ya vidole, na vijikokwa vinaning'inia. Nikainamisha macho kama nilivyopanga. Nyuma yake akafika Mama Miche na kikapu chake. Akautazama mche wa Kanali. Akautazama uwanja wetu. Kikapu kikaanguka.

Akasema neno moja. Ndago.

Nikasikia watu wa langoni wakilirudia, ndago, ndago, kama watu wanaopeana habari ya moto. Mama mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Nilidhani ni jina la ugonjwa.

Karibu ni hivyo. Mama Miche alisema hilo si nyasi, ni adui. Ukilikata linashukuru. Ukiukata ule uzi wake wa chini, kila kijikokwa kinaanza maisha yake. Linatoboa karatasi ya plastiki, linatoboa kiazi kikiwa ardhini. Kuna wakulima walihama mashamba wakaliachia. Alisema siku ile kitaluni alitaka kuniambia hilo hilo: nikiliona nilichimbue kwanza, lote, kabla sijapanda chochote. Akauliza ukoka aliompa Baba uko wapi.

Nikaonyesha juu ya ukuta.

Baba akageuka akatazama ukuta. Hakuwa anajua. Akafungua kifungo cha shati lake zuri, akakifunga tena.

Kanali alisema nyasi zake amezilea tangu alipostaafu, zilimtuliza alipofiwa na mkewe, na leo ameikuta ndago imepandwa humo kwa mstari. Kwa mstari! Ni shetani gani, aliuliza, anayepanda ndago kwa mstari? Redio akameza pipi na akamwambia.

Mama Miche alinisogelea. Alikuwa mpole, na hilo ndilo lililonikata maini. Alisema binti, mikono yako ina bidii, nakiri sijaona ndago iliyotunzwa hivi. Lakini kitaluni kwangu nina miche elfu, na kijikokwa kimoja kwenye soli ya kiatu chako kinanifilisi. Hawezi kunipokea. Akaomba pia nikipita mbele ya lango lake nipite upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo nimefaulu na sina pa kwenda. Shangazi alijifunga kanga ya Mama juu ya gauni, akasema Jumatatu, saa mbili kamili, na nijifunze njiani kusema karibu mrembo.

Watu wakaondoka. Baba akavua shati zuri, akachukua jembe, akavuka kwa Kanali. Walichimba pamoja mpaka giza. Sikujua kama niende. Nikaenda. Kanali alinisogezea ndoo. Tukachambua udongo kwa vidole, kijikokwa kwa kijikokwa.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua imenyesha. Ndago imerefuka.

Nimefikiri sana. Nimeapa, kwa moyo wote, kwamba sitapanda tena kitu chochote kabla sijauliza kwanza. Na kwamba mtu akianza kunishauri nitasimama mpaka amalize, hata kama nitazimia.

Baba alinisikiliza nikiapa, akanipapasa kichwa. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila wewe angalau umevunjika ukiwa mdogo, mfupa utaunga. Nimejisikia mwepesi. Mtu mpya kabisa.

Jumatano, 4 Desemba

Saluni ni mbaya kama nilivyohofia. Jana nilimwambia karibu mrembo mzee aliyekuja kusoma mita.

Lakini mlangoni pa saluni pana kidimbwi cha saruji, na ndani yake hakuna kitu isipokuwa maji na samaki wawili waliokata tamaa. Shangazi analalamika hakipendezi, wateja hawakitazami. Kama kingependeza, wateja wangesimama kule wakitazama, na wangefika kwangu wamechelewa. Au wasingefika.

Leo asubuhi Redio alikuwa ananisindikiza, tukapita kando ya mto. Nikasimama ghafla. Sikuamini macho yangu! Juu ya maji palikuwa na mmea unaelea wenyewe, bila udongo wowote. Majani ya mviringo yanang'aa, vikonyo vimevimba kama vibofu, na maua! Ya zambarau, makubwa, kama ya kwenye kalenda. Hakuna aliyeyapanda! Hakuna anayeyahudumia! Na yalikuwa yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Safari hii niliuliza kwanza, kama nilivyoapa. Nilimuuliza Redio. Akasema ni mazuri.

Mzee aliyekuwa anafua mazulia pale alinipigia kelele niyaache, eti mwaka jana yaliziba mto mzima, mashua zikakwama na samaki wakafa. Nilisimama nikamsikiliza mpaka akamaliza. Nikamshukuru. Nadhani hakunielewa. Mimi nilitaka mche mmoja tu.

Nimeutia kidimbwini. Mchana ulikuwa umeshatoa mtoto!

Na kuna jambo jingine, ambalo bado sijamwambia mtu. Kidimbwi kikijaa, maji yake hufuata mtaro, na mtaro unaishia kwenye bwawa la ofisi ya maji, kwa Baba. Lile bwawa ni maji matupu, halina hata ua moja, linasikitisha. Baba amechoka sana na mambo ya ndago, anastahili kufurahishwa.

Mvua kubwa zinakuja. Siku moja atafika kazini asubuhi, afungue dirisha, na bwawa lote litakuwa zambarau. Natamani niuone uso wake.